Fundi Anayeomba Panzi Wake Aachwe Aanguke

Saa mbili na robo asubuhi, mwanamume mwenye shati la mikono mifupi ameketi kwenye kigoda mbele ya runinga isiyoonyesha kitu. Kioo chake ni cheusi tii, na kimepasuka kutoka kona hadi kona. Mikononi ameshika rimoti ya kuchezea gemu. Spika mbili ndogo ziko sakafuni, moja kulia kwake, nyingine kushoto.

Mgeni anayeingia anaweza kudhani umeme umekatika na mwenye nyumba hajatambua. Kisha anasikia. Tak, tak, tak, hatua za kiumbe mwepesi juu ya ubao. Mlio unaopanda taratibu. Kimya kifupi. Halafu tak moja nzito, ya jiwe.

"Nimefika ng'ambo," anasema mwanamume huyo bila kugeuka. "Karibu. Kiti kiko nyuma ya mlango, ila ondoa kwanza nguo za watu."

Nguo za watu ni kazi ya mkewe, fundi cherehani, ambaye meza yake iko upande wa pili wa chumba hiki kimoja. Mumewe ana umri wa miaka hamsini na minne. Kazi yake ni kutengeneza rimoti za gemu, na ni miaka ishirini na mitatu sasa tangu macho yake yazime kabisa. Wateja humwita Fundi Panzi, na mkewe naye ameshaacha kumwita vinginevyo.

Daraja alilolivuka muda huu bila kuliona, mwandishi wa makala haya alijaribu kulivuka siku iliyofuata kwenye runinga nzima, akiwa na macho yake mawili. Alianguka mara tisa.

Leo Fundi anapasha vidole moto tu. Anamsubiri dereva wa lori, rafiki yake, aje na simu yenye mtandao wa kasi ili wapakue kitu alichokisubiri kwa siku kumi na tisa. Ni toleo la pili la majaribio la Panzi wa Kumi. Toleo la kwanza liliwahi kufika katika chumba hiki, na nusura liivuruge ndoa.

Kwa wasioujua, Panzi ni mchezo wa kuruka. Panzi mmoja mdogo anavuka madaraja, magogo na mapaa, huku kunguru akimwinda kutoka juu. Ukibonyeza kidogo, anaruka kidogo. Ukishikilia, anapaa. Hakuna siri nyingine, na bado mchezo huo una miaka ishirini na saba, matoleo tisa, na mashabiki ambao wengine sasa wana vipara na wajukuu.

Fundi alicheza matoleo mawili ya kwanza akiwa anaona. Wakati huo alikuwa mchora vibao vya maduka, na anajisifu kwamba herufi zake zilisomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Kisha ukaja ukungu pembeni mwa macho. Alidhani ni uchovu, akanunua miwani mtaani. Alipofika hospitali, daktari alimwambia ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi.

"Nilikuwa na miaka thelathini na moja," anasimulia. "Watu walikuja kunipa pole kama vile nimefariki. Mmoja alimpa pole mke wangu mimi nikiwa nimekaa hapo hapo. Nikamuuliza, mazishi saa ngapi?"

Mwaka huo wote cherehani ndiyo iliyolisha nyumba. Mkewe alishona kutwa, naye Fundi alikaa kwenye kigoda bila kujua mikono yake iwekwe wapi. Siku moja aliomba awashiwe Panzi wa Kwanza, si kwa matumaini yoyote, bali kwa sababu ya ukimya. Hapo ndipo aliposikia kitu ambacho miaka yote ya kuona hakuwahi kukisikia.

Mbao zilikuwa na sauti yake, mawe nayo yake. Mchanga ulikwaruza na barafu ikalia kwa mlio mkali. Mlio wa kuruka ulipanda kadiri panzi alivyopaa. Na kila penye shimo, kabla ya ukingo, palikuwa na upepo mdogo sana ukivuma kutoka chini.

"Watu waliotengeneza mchezo ule walikuwa wameniwekea njia," anasema. "Hawakujua kwamba ni yangu. Waliiweka tu kwa sababu walikuwa mafundi wazuri."

Kujua kwamba njia ipo na kuipita ni mambo mawili. Hatua ya kwanza ya mchezo, ambayo mtoto wa miaka saba huimaliza kabla chai haijapoa, ilimchukua Fundi wiki kumi na moja. Alianguka, akarudia, akaanguka tena. Alihesabu maanguko yake hadi elfu moja, kisha akaacha kwa sababu hesabu ilikuwa ikimpotezea umakini. Wakati mwingine alitukana. Wakati mwingine aliweka rimoti chini na kukaa kimya, na mkewe anasema ule ukimya ulikuwa mbaya kuliko matusi.

Wiki ya kumi na mbili alifika mwisho. Baada ya hapo hakushikika. Akamaliza toleo la kwanza, akarudia la pili. La tatu lilipotoka alikuwa mtu wa kwanza mtaani kulimaliza. La nne, la tano na la sita vivyo hivyo. Ukimuuliza panzi wa matoleo hayo manne ana rangi gani, hajui. Hajawahi kumwona.

Mwandishi anakiri kwamba aliposikia hayo alidhani anapigwa chenga. Ndiyo maana aliomba aonyeshwe, na ndiyo maana alipoonyeshwa alipigwa na butwaa, akabaki na kalamu hewani.

Ufundi nao ulizaliwa humo humo. Rimoti yake ilikufa kwa kubonyezwa mno, akaifungua kwa bisibisi ndogo ya cherehani ya mkewe, akaipapasa hadi akapata mpira uliolika chini ya kitufe. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, anasema, kisha anaongeza kwa kicheko kwamba methali hiyo aliambiwa sana na watu ambao koleo zao zilikuwa nzima.

Leo, kwa siku nzuri, hutengeneza rimoti saba. Siku mbaya ni moja, na hiyo moja mara nyingi ni ya rafiki. Hulehemu kwa kusikiliza, maana risasi inapoyeyuka hutoa mlio mfupi, na hunusa moshi wake kujua kama imeshika. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vina makovu ya miaka ya kujifunza.

Kinachostaajabisha zaidi ni namna anavyozisoma rimoti. Mwandishi aliweka mbele yake rimoti tatu za wateja bila kusema ni za nani. Aliipapasa ya kwanza kwa kidole gumba, akasema mwenye hiyo ni mwoga, hubonyeza kabla ya wakati. Ya pili, akasema ni ya mtu mwenye haraka ambaye hucheza kwa vipande vifupi vifupi. Ilikuwa ya muuguzi wa zamu, ambaye hucheza dakika kumi kila anapopata nafasi. Ya tatu aliitambua mara moja, akaisukuma pembeni. Ilikuwa ya dereva wa lori, ina jamu ya mkate.

"Watu huja hapa wakisema wanataka mapigano zaidi," anaeleza. "Ninafungua rimoti, kitufe cha kupigia ni kipya kama siku kilipotoka kiwandani. Cha kurukia kimeliwa mpaka kwenye plastiki. Mdomo unataka vita, kidole kinataka kuruka. Mimi namwamini kidole."

Ujuzi huo ulipata kazi mwaka huu. Baada ya kimya cha miaka sita, kampuni inayotengeneza mchezo ilitangaza Panzi wa Kumi, ikafungua ukurasa mtandaoni kwa mwezi mmoja na kuwauliza mashabiki wanataka nini. Kila mtu aliruhusiwa kuandika ombi moja. Maombi yenye kuungwa mkono na wengi yangesomwa na mafundi wenyewe, na wenye maombi hayo wangetumiwa toleo la majaribio.

Karakana ikageuka bunge. Dereva wa lori alitaka wachezaji wawili kwa pamoja, ili akirudi safarini acheze na mwanawe badala ya kumtazama mgongo. Muuguzi alitaka mchezo uhifadhi mahali ulipofikia kila dakika, kwa kuwa wagonjwa hawasubiri panzi atue. Mwalimu mmoja wa hesabu alitaka ugumu wa toleo la pili urudi, na waliolia walie. Mwingine alitaka kunguru arudishwe alivyokuwa, kwa sababu toleo la tisa lilimfanya mcheshi, na adui anayechekesha ni nani wa kumkimbia?

Penye wengi pana mengi. Waligombana hadi mkewe Fundi akatishia kuwapima wote suruali ili angalau wawe na sababu ya kujaza chumba. Fundi mwenyewe alistarehe.

"Vita vya panzi, furaha ya kunguru," aliwaambia. "Gombaneni tu. Mkitoka hapa na hasira mnakwenda kuvunja rimoti, nami napata kazi."

Kisha naye akaulizwa ombi lake. Wote walijua kwamba tangu toleo la saba Fundi hachezi matoleo mapya. Mwaka ule kampuni ilileta muziki mkubwa, wa ngoma na tarumbeta, unaopigwa mwanzo hadi mwisho. Watu wenye macho waliusifu. Lakini sauti za nyayo ziliondolewa, upepo wa mashimo ukaondolewa, na Fundi hakuweza kupita daraja la pili. La nane na la tisa hali ilikuwa ile ile. Kwa miaka kumi na moja amekuwa akizunguka katika matoleo sita anayoyajua kwa moyo.

"Ni kama hadithi ya bibi," anasema. "Tamu, ndiyo. Lakini unajua fisi anakufa." Kisha anaongeza kwa sauti ya chini: "Mimi natoka hapa naenda dukani, narudi. Nataka kabla sijafa nifike mahali ambapo sijawahi kufika."

Hilo ndilo ombi alilomtamkia mkewe, naye akaliandika kwenye simu. Warudishe sauti za nyayo, warudishe upepo wa shimo, na muziki uwe na mahali pa kuuzimia. Dereva wa lori akaongeza video aliyomrekodi Fundi akivuka madaraja mbele ya kioo cheusi. Ndani ya wiki mbili ombi lilikuwa limeungwa mkono na watu zaidi ya elfu kumi na nne, wengi wao wakikiri kwamba nao hawakuwahi kuusikia ule upepo mpaka walipofumba macho.

Jibu lilifika asubuhi moja pamoja na toleo la kwanza la majaribio. Mkewe alikuwa na pini mdomoni, hivyo muuguzi, aliyekuja kuchukua rimoti yake, ndiye aliyeshika simu na kusoma barua kwa sauti. Ilikuwa barua ya upole na heshima. Ilimshukuru Fundi kwa mapenzi yake ya miaka mingi. Kisha ikasema: kama mlivyoomba, tumehakikisha kwamba Panzi wenu haanguki kamwe.

Cherehani ilikuwa ikilia. Ikanyamaza.

Fundi alinyoosha mkono kutafuta rimoti. Aliomba awashiwe. Panzi alitembea, akafika kwenye ukingo, na pale ambapo angeanguka kitu kisichojulikana kilimnyanyua na kumweka ng'ambo, kengele ndogo ikalia. Shimo la pili hivyo hivyo. Upepo haukuwapo, maana wa kazi gani? Baada ya dakika nne za kushikilia kitufe kimoja, tarumbeta za ushindi zikapigwa.

"Nimefika wapi?" aliuliza.

Muuguzi akamwambia amefika mwisho.

"Nimepitia wapi?"

Fundi aliweka rimoti mezani taratibu, anasema muuguzi, kama mtu anayerudisha kitu cha watu.

"Sikuomba nisianguke," alisema. "Niliomba nijue ninapoangukia."

Hapo ndipo mkewe alipozitoa pini mdomoni, moja moja, akasema kwamba sentensi ile aliiongeza yeye. Baada ya kuandika yote aliyotamkiwa, aliandika mstari mmoja wa kwake: mume wangu haoni, tunaomba asiwe anaanguka. Hakumwambia. Aliona ni jambo dogo, tena jema.

Mwandishi alimuuliza kwa nini. Ni mwanamke asiye na maneno mengi, na alijibu huku akikunja kitambaa ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa.

"Yeye alikuwa akianguka, mimi nilikuwa nikisikia," anasema. "Wiki kumi na moja, mgongo wangu kwake, nashona. Kila akianguka kuna mlio. Yeye aliacha kuhesabu kwenye elfu. Mimi sikuacha."

Alihesabu hadi elfu moja mia tisa na arobaini. Hakuwahi kumwambia mtu idadi hiyo, hata mumewe, mpaka siku ya barua.

Siku tatu nyumba ilikuwa na baridi. Chakula kililiwa, salamu zilitolewa, basi. Fundi anasema hakuwa na hasira na mkewe kwa kumhurumia, kwa maana huruma yake ndiyo iliyomweka hai mwaka ule. Kilichomuuma ni kugundua kwamba kwa miaka ishirini na miwili wamekuwa wakisikia kitu kimoja kwa namna mbili. Kwake kila anguko lilikuwa habari: shimo liko hapa, sogea kidogo. Kwa mkewe lilikuwa mtu wake anayeumia.

Siku ya nne alimwomba aache kushona, aje akae sakafuni, kati ya zile spika mbili. Alimpa rimoti, akamwambia afumbe macho. Mkewe hakuwa amewahi kucheza. Alianguka, akaanguka, na kwa anguko la kumi na kitu akausikia ule upepo mwenyewe, kushoto, chini. Aliruka, akatua kwenye jiwe.

Kisha akachukua simu na kuwaandikia watengenezaji, kwa kuwa walikuwa wametoa siku kumi za maoni na nne zilikuwa zimekwisha. Alikubali maneno yake yachapishwe hapa: "Ile sentensi ya mwisho niliiandika mimi. Mume wangu hakuiomba. Mwacheni aanguke, lakini mwambieni shimo liko wapi."

Dereva wa lori anaingia saa tatu kasoro, jasho likimtiririka, akimsalimu shemeji yake kabla ya rafiki yake kwa sababu anajua nani ana maandazi. Muuguzi ameomba ruhusa ya saa moja. Upakuaji unachukua dakika ishirini na tano. Fundi anajifuta viganja kwenye suruali mara mbili, tatu.

Mchezo unaanza bila tarumbeta. Panzi anapiga hatua ya kwanza na wote wanainamisha vichwa. Si ubao. Si jiwe, wala mchanga, wala barafu. Ni sauti kavu, nyepesi, yenye mwangwi mdogo kwa chini, ambayo haimo katika toleo lolote la nyuma.

Dereva anasema ni bati. Muuguzi anasema ni majani makavu. Fundi anainua mkono kuwanyamazisha. Anapiga hatua nyingine, anasimama, anapiga tena. Uso wake, ambao asubuhi nzima ulikuwa wa fundi aliyezoea kazi yake, umekuwa wa mtu aliyeshuka katika mji asioujua na hana haraka ya kuuliza njia. Mwandishi ameandika simulizi nyingi za watu, na hajui kama amewahi kuona furaha ya wazi kiasi hicho.

"Sijawahi kufika hapa," anasema Fundi.

Kisha upepo unasikika. Uko mbali kidogo, kulia, na ni mpana. Anabonyeza, anashikilia, mlio unapanda, unapanda, na unakatika mapema mno. Panzi anaanguka. Anguko lenyewe ni refu, linashuka na kushuka hadi linaishia kwenye maji.

Kila mtu anamtazama mkewe. Ameshika mkasi, hajainuka kwenye kiti chake.

Toleo kamili linatarajiwa baada ya miezi minane, na inasemekana litakuwa na hatua sitini. Fundi anasema amejipangia miaka mitatu kulimaliza, na kwamba hataki kusimuliwa na yeyote kilichomo. Mwandishi anamuuliza anadhani ataanguka mara ngapi.

"Elfu mbili," anajibu, vidole vyake vikiwa vimeshatafuta kitufe. "Mungu akinipa uhai, elfu tatu."

Mkewe anakata uzi, anageuza nguo, anakanyaga cherehani.

"Hiyo ni moja," anamwambia. "Endelea."